Yule Aliyenyamaza Mkononi mwa Babu

Wenzangu tuliokula viazi vitamu vikiwa bado na majivu kwenye maganda, tuliovaa viatu siku ya Krismasi na kuvivua tukirudi ili visichakae, njooni tukae kidogo. Vijana nao wanakaribishwa, ila waweke simu chini. Leo nataka kusimulia habari za mbwa, na najua wapo watakaosema Bhoke amezeeka, ameishiwa watu wa kusimulia. Semeni tu. Mbwa mwenyewe, mama wa hao nitakaowataja, aliitwa Mtasema.

Jina hilo lilitolewa na babu yangu, Mzee Chacha, kwa ajili ya jirani mmoja waliyekuwa wakigombania naye mpaka wa shamba. Siku zile mtu akiwa na neno na jirani yake hakwenda kuliandika kwenye simu. Alimpa mbwa jina, kisha jioni akasimama mlangoni na kumwita kwa sauti ya juu. Yule jirani naye alikuwa na mbwa wake, Hamtuwezi. Basi ukipita njia ile jua likishuka unasikia upande huu "Mtasema! Mtasema!" na upande ule "Hamtuwezi, njoo hapa!", na wazee wote wawili wamesimama wima kama vile hawana habari na mtu. Asubuhi walisalimiana vizuri na kuombana tumbaku.

Hiyo ndiyo Kenyamonta, kijiji cha babu, niliyoikuta nikiwa na miaka minane. Mama yangu alikuwa amefariki kwetu Genkuru, na baba, ambaye hakujua hata kusonga ugali, akanishika mkono akanipeleka kwa wazazi wake. Kwenye msiba sikulia. Wanawake walilia mpaka sauti zikakauka, shangazi zangu walishikwa wasianguke, na mimi nilikaa kwenye mkeka nimekamata pindo la gauni langu. Sikulia njiani. Sikulia hata baba alipogeuka kurudi Genkuru na kuniacha pale uani na kikapu changu cha nguo.

Watu walinipenda kwa hilo. Kila aliyekuja kutoa pole alinishika kichwa na kusema, "Mtoto jasiri huyu." Kwetu Wakurya mtu kunyamaza kwenye maumivu ni sifa kubwa, nami nilipewa sifa hiyo kabla sijajua ni ya nini. Nilikula nilipoambiwa nile, nilichota maji nilipoambiwa nichote. Kwa macho ya wakubwa sikuwa na tatizo lolote.

Msifikiri ilikuwa huzuni tupu. Nani aliyekulia kwa bibi akasema ilikuwa huzuni tupu? Bibi Wankuru alikuwa na kibuyu cha maziwa ya mgando alichokifukiza kwa moshi, na mpaka leo nikisikia harufu ya mti unaoungua taratibu, mate yananijaa. Uji wake wa ulezi ulikuwa mchachu kidogo, mzito, unashika kwenye midomo. Shuleni tulikwenda na fagio mkono huu na dumu la maji mkono huu, na Ijumaa kila mmoja alibeba samadi mbichi ya kusiriba sakafu ya darasa. Tuliikanyaga na kuisambaza kwa mikono huku tukiimba, na mchana tulikula kwa mikono hiyo hiyo baada ya kuipitisha kwenye maji mara moja. Mjukuu wangu wa Mwanza alishika kinyesi cha ng'ombe likizo iliyopita, mama yake akatafuta dawa ya kuua vijidudu. Mtoto mwenyewe alikuwa anacheka.

Jioni tulicheza rede kwa mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba ya katani. Wenzangu waligombana mpaka wakavuana vitambaa vya kichwa. Mimi nilipopigwa na mpira nilitoka bila ubishi. Walipenda kuwa na mimi kwenye timu kwa sababu sikuwa na kelele, ila sidhani kama kuna aliyekumbuka baadaye kwamba nilikuwepo.

Miezi mitatu baada ya mimi kufika, Mtasema alizaa watoto watano chini ya ghala la mtama. Bibi akanipa kazi ya kumpelekea ukoko wa ugali uliolowekwa kwenye maziwa. Nilitambaa chini ya ghala kwa magoti na viwiko, nikakuta giza dogo lenye joto, harufu ya maziwa na vumbi, na vitumbo vitano vinavyopanda na kushuka. Hapakuwa na mtu wa kunisifu pale. Nilianza kwenda hata bila ukoko.

Walipofungua macho na kupata miguu, vita vikaanza. Jamani, watoto wa mbwa wanauma! Waliumana masikio, wakaumana mikia, wakamuuma mama yao mpaka akawa anakula amesimama. Waliuma vifundo vya miguu yangu na kuning'inia kwenye gauni langu kama matunda. Meno yao yalikuwa miiba mitupu. Mmoja wa rangi ya udongo mwekundu alikuwa kiongozi wa uhalifu wote. Aliiba katambuga za Babu, zile ndala za matairi, moja akaitafuna mkanda, nyingine hatukuiona tena. Ukivutana naye kitambara alinguruma kama ana nia ya kukuua. Siku moja aliniuma mpaka damu ikatoka kisigino. Nikaenda kwa Bibi, nikanyoosha mguu, nikasubiri aseme mbwa huyu ni mbaya atupwe.

Bibi alicheka. Akachukua kigoda chake na ungo wake wa mtama, akaja kukaa karibu na ghala, akaanza kupeta huku macho yakiwa kwa mbwa. "Kaa uangalie," aliniambia. Alisema kwa Kikurya, mimi naweka kwa Kiswahili. Tukaangalia. Yule mwekundu alimkamata ndugu yake sikio, ndugu akapiga ukelele, mwekundu akaachia palepale, akamwangalia, akamlamba, wakaanza upya.

"Umeona? Wanafundishana," Bibi alisema. "Akiuma sana mwenzake analia, ndipo anajua kumbe inauma. Sasa wewe ukiumwa unanyamaza. Atajuaje?"

"Nifanye nini?"

"Lia. Piga kelele, halafu mgeuzie mgongo, usicheze naye. Atarudi kwa adabu."

Nilijaribu. Sauti iliyotoka ilikuwa "ai" ndogo, hata kuku hakugeuka. Lakini yule mwekundu aliachia kisigino changu, akainamisha kichwa upande mmoja na kunitazama. Kisha akanilamba.

Tangu siku ile Bibi akawa mwalimu wangu wa mbwa, bila yeye kujua kwamba anafundisha. Alinionyesha kiuno. "Mdomo usikutishe," alisema, "mwangalie kiuno. Anayecheza kiuno kimelegea, kinakwenda huku na huku, hata kama ananguruma. Anabinua matako juu, kifua kinagusa chini, anakuita. Huyo hana ubaya." Alinionyesha pia kwamba wote hukimbia ovyo jioni kama waliopandwa na wazimu, wanazunguka ghala mara kumi kisha wanaanguka kulala, na wote hukojoa wakifurahi, na wote hutafuna. Utoto tu.

Ndipo nikaanza kumwona yule wa tano.

Alikuwa mweusi, mnene kuliko wenzake, mzuri wa kutazama. Hakuiba kitu. Hakuuma mtu. Wenzake wakija kumchokoza alikaza mwili mpaka wakachoka kumsumbua, wakaenda. Siku moja karai la Bibi lilianguka kutoka kwenye kichanja cha vyombo, likalia kama kengele uani pote. Watoto wote watano walikimbia, na hata mimi niliruka. Baada ya muda mfupi yule mwekundu alichungulia. Akasogea hatua mbili, akarudi moja. Akalinusa karai. Akalibwekea. Mwishowe akaingia ndani yake na kulala, na hapo ndipo alipopata jina la Karai. Wengine nao wakatoka mmoja mmoja. Yule mweusi hakutoka. Nilimwona chini ya ghala, kwenye pembe ya mwisho, amejibana ukutani. Mchana ulipita, jioni ikapita, na asubuhi Bibi alipokuwa anakamua ng'ombe, yule mweusi alikuwa bado pale pale.

Nilimjua. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hivyo. Nilimtazama nikamjua.

Basi ikafika siku ya Babu kuchagua mbwa wa ng'ombe. Kwa Mkurya ng'ombe si mchezo, na mbwa wa zizi huchaguliwa kwa makini kuliko mkwe. Babu alikuwa na kipimo chake, alichorithi kwa baba yake. Alimshika kila mtoto ngozi ya shingo, akamwinua juu usawa wa macho, akasubiri. Wa kwanza alilia. Wa pili alilia. Wa tatu akalia na kukojoa. Karai alipiga kelele ambazo nadhani zilifika Mugumu, akarusha miguu yote minne na kujaribu kuuma kidole gumba. Babu alimweka chini kwa dharau.

Yule mweusi hakulia. Alining'inia kimya mkononi mwa Babu, hapepesi jicho, miguu imenyooka kama ya kigoda.

Lazima mwelewe Babu alikuwa anaona nini. Alikuwa amesimama kwenye jando nyingi. Aliwatazama wanawe na wana wa ndugu zake wakisimama mbele ya kisu, na alijua kwamba anayetikisa hata kope, aibu hiyo ataibeba yeye na ukoo wake mpaka uzeeni. Jicho lile lile alilowatazamia vijana, ndilo alilowatazamia watoto wa mbwa. Uso wake ulijaa furaha.

"Huyu ndiye mwanamume," alisema. "Huyu ni Jasiri." Kisha akaniona nimesimama karibu, akaniwekea mkono wa pili kichwani. "Sasa nina majasiri wawili kwenye mji huu."

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake. Alimwita Babu kwa jina la mtoto wao wa kwanza, ambaye ni baba yangu. "Baba Marwa, huyo mtoto anaogopa. Mwangalie macho, weupe umejaa. Masikio ameyalaza. Mkia ameufyata mpaka tumboni."

"Wewe unajua nini habari za mbwa wa zizi?"

Bibi akaendelea kupeta.

Watoto watatu waligawiwa kwa jamaa. Karai naye alikuwa agawiwe, lakini mgeni aliyekuja kumchukua alivua viatu mlangoni, na alipotoka alikuta kimoja. Aliondoka na kuku badala ya mbwa. Hivyo Karai akabaki kwa kukosa wa kumtaka.

Jasiri alitunzwa. Babu alimtengea banda lake karibu na zizi, ajifunze kukaa peke yake, na mara moja kwa wiki alichanganya pilipili kwenye ugali wake, kwa sababu wazee waliamini pilipili inaongeza ukali. Mimi nilikuwa nikipita pale na dumu langu na kumtazama. Alipokula, mwili mzima ulikauka. Ukisogea, hakunguruma. Alikula haraka zaidi, akainamisha kichwa ndani ya sufuria, na jicho moja likakufuata. Wageni wakija alirudi nyuma. Hakuna aliyemwona akicheza. Babu aliita hiyo heshima.

Nilitaka kumwambia Babu. Kila siku nilipanga maneno, na kila siku nikayameza, kwa sababu mtoto anayesifiwa kwa kunyamaza anaanzia wapi kusema?

Jasiri akafikisha miezi minne. Ilikuwa mchana, Bibi yuko kisimani, mimi naanika dagaa juani. Mwita, mtoto wa baba yangu mdogo, alikuwa na miaka mitatu, umri wa kwenda popote miguu inapompeleka. Nilimwona akitembea kuelekea banda la Jasiri na kiazi mkononi. Sufuria ilikuwa chini, Jasiri anakula. Nikaanza kukimbia. Mwita aliinama amwekee kiazi chake kwenye sufuria, kwa upendo tu wa kitoto, na Jasiri akamrukia usoni bila sauti yoyote, bila hata mngurumo wa kumwonya.

Aliachia haraka. Lakini shavu la Mwita lilikuwa limechanika na damu ilikuwa nyingi, kwa macho yangu ya miaka minane ilikuwa damu ya mtu mzima. Mama yake alimbeba akakimbia naye zahanati, alikoshonwa na kuanza kuchomwa sindano ambazo aliendelea nazo kwa siku nyingi, akilia kila mara kwa sauti nzuri yenye afya. Mwita leo ana ndevu na watoto wanne. Kovu lile huwaambia watu ni la chui, na mimi huwa namwacha apate heshima yake.

Babu alitoka zizini na rungu.

Mbwa aliyemuuma mtoto wa mji haoni jioni. Hilo halikuwa na mjadala, na sidhani kama lilikuwa kosa. Watu walipenda watoto wao. Jasiri alikuwa amejibana kati ya banda na ua wa miba. Hakukimbia. Hakuonyesha meno. Alikuwa amekauka vile vile alivyokauka siku ile mkononi mwa Babu, na mkojo ulikuwa unamtiririka mpaka chini. Mimi nilikuwa nimesimama kati yao.

"Toka hapo, Bhoke."

Nilitaka kusema, Babu, anaogopa. Nilitaka kusema hakuwahi kuwa jasiri hata siku moja, ameganda, tangu siku ile ameganda, na wewe unamsifu. Nilifungua mdomo, na badala ya maneno kikatoka kilio.

Sijui nikieleze vipi. Kilianzia tumboni, na kilipotoka kilinitisha mimi mwenyewe. Nililia kama watu walivyolia kwenye mkeka ule Genkuru. Nililia mpaka nikakaa chini, nikashika pindo la gauni langu. Nilimwita mama. Sikuwa nimelitamka neno hilo tangu azikwe. Kuku walikimbia, Karai akaja mbio akaanza kunilamba masikio, na yule jirani wa Hamtuwezi akaja kusimama kwenye mpaka kuuliza nani amekufa.

Bibi alikuwa anarudi kutoka kisimani. Alitua mtungi. Shangazi mmoja alikuja kunishika aninyamazishe, akaanza, "Basi, mwanangu, wewe ni jasiri, basi," na Bibi akamwondoa mkono.

"Mwache alie," alisema. "Mwache alie mpaka amalize."

Babu alikuwa bado ameshika rungu. Akanitazama mimi, akamtazama yule mbwa, akanitazama tena. Kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona mzee wa Kikurya akikifanya kabla wala baadaye. Alikaa chini. Hakukaa kwenye kigoda, alikaa chini kwenye vumbi na mavi ya mbuzi, miguu imenyooshwa mbele, rungu pembeni.

"Mtoto huyu ana miezi saba kwangu," alisema, "na leo ndiyo mara ya kwanza nasikia sauti yake."

"Nilidhani ni ujasiri," alisema. Kisha akaongeza, "Wote wawili."

Nililia mpaka jua likapungua ukali. Babu hakuondoka pale alipokaa. Sina kumbukumbu nyingine ya utoto ninayoipenda kuliko hiyo, mzee yule amekaa mavumbini ananisubiri nimalize kulia. Nampenda mpaka kesho.

Jasiri aliishi. Ila msidhani Bibi alimrudishia watoto acheze nao; hakuwa mjinga. Alizungushia banda ua wa miba mtu mdogo asiweze kupita. Pilipili ikakoma siku ile ile. Alipewa chakula mahali pa peke yake nyuma ya jiko, na hakuna aliyeruhusiwa kupita akiwa anakula. Hakuinuliwa tena na mtu yeyote. Kazi yangu ilikuwa kwenda kila nikitoka shule, nikae mbali nimempa mgongo, nirushe kipande cha ukoko nyuma yangu, nisigeuke. Nilikaa hivyo siku nyingi sana. Nilimsimulia habari za mama, kwa kuwa yeye hakuwa na haraka na mimi sikuwa na mtu mwingine wa kumweleza. Mvua zilipoanza, siku moja nikasikia kitu chenye joto kwenye mguu wangu. Alikuwa ameweka kidevu chake hapo.

Hakuwahi kuwa mbwa wa zizi. Wageni wakija alijificha mpaka siku ya kufa kwake, na watoto wadogo hatukumwamini nao hata mara moja, maana kilichoharibika mapema kinatunzwa tu, hakifutiki. Mbwa wa zizi alikuja kuwa Karai, yule yule mwizi wa katambuga, mpiga kelele. Alibweka mpaka Hamtuwezi akaona haya. Babu alimwita mbele ya wageni "mbwa niliyemchagua mwenyewe," na Bibi aliendelea kupeta.

Siku hizi naishi Bomani, hapa Tarime mjini, nyumba na nyumba, na ghala la mtama ni gunia lililosimama kwenye korido. Mbwa wa siku hizi wana majina ya kizungu na sabuni zao. Hivi karibuni kijana mmoja jirani, Magige, fundi simu, alikuja kwangu amebeba mtoto wa mbwa kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, huyu dogo ananimaliza. Amekula ndala, amekula chaja, na ananing'ata mikono, ona. Nimesoma kwenye simu, wanasema inaweza kuwa tabia hatarishi. Nimrudishe?"

Nilimwambia amweke chini. Mtoto alibinua matako, akakamata kanga yangu, akanguruma kama radi na kiuno kinacheza ngoma yake. Nilicheka mpaka nikajifuta machozi. Nikamwambia Magige kwamba mbwa wake ni mzima kabisa, kinachoumwa ni simu, na kwamba aking'atwa apige kelele na kumpa mgongo. Kijana akatikisa kichwa kama niliyemwambia siri ya serikali. Akasema, "Basi ningechukua yule mwenzake. Yule ni mpole balaa, mama. Ukimnyanyua hata halii. Dukani nilikomnunua huyu wanamsifu wote."

Moyo wangu ulishtuka, nikiwa mtu mzima na nywele zangu nyeupe. "Yuko wapi?" nikauliza.

Watoto wa leo wanalia kwa kukatazwa soda, na mama zao huwauliza wanajisikiaje. Tunawacheka, na tuna haki ya kucheka kidogo, maana wengine wamezidi. Lakini nikikaa peke yangu nasema wamebahatika. Enzi zetu tulikuwa na maziwa yenye harufu ya moshi, tulikuwa na uwanja wa kukimbia mpaka pumzi ziishe, tulikuwa na wazee waliotujua kwa majina na ukoo, na ningetoa vingi nirudi pale chini ya ghala kwa mchana mmoja tu. Kuulizwa tu ndiko tulikokosa. Tulisifiwa, basi. Na si kila mtu alikuwa na babu wa kukaa chini mavumbini.

Nilikwenda na Magige dukani. Yule mpole alikuwa chini ya kabati, kwenye pembe ya mwisho. Nimekaa naye sasa zaidi ya mwezi. Anakula peke yake nyuma ya jiko langu, nami nakaa pale nimempa mgongo, magoti yananilaumu, narusha ukoko bila kugeuka.

Jana asubuhi nilimkanyaga mkia kwa bahati mbaya. Akalia. Alilia kwa sauti ambayo sikujua anayo, mtaa mzima ukasikia, na majirani wakatoa vichwa madirishani kuniambia nimnyamazishe. Niliweka sufuria pembeni, nikakaa chini palepale sakafuni, nikamwacha alie mpaka akamaliza.